Siku sita Tanja: fundi chokaa mjini kwa Ibn Battuta

Siku ya kwanza

"Shikamoo mjomba. Kumbe ulikuwa husemi utani?"

Ndivyo mpwa wangu alivyonipokea stesheni ya Casa Voyageurs. Anasoma Casablanca mwaka wa tatu sasa, Kifaransa kinamtoka kama maji na Kiarabu cha mtaani anakijua vya kutosha kugombana na dereva wa teksi. Alidhani nakuja kumtembelea yeye, kisha twende tukapige picha msikiti mkubwa wa baharini. Nikamwambia huo nitauona siku ya kurudi. Mimi nakwenda Tanja kuangalia kuta.

Nijieleze. Mimi ni fundi wa chokaa. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeimaliza juu ya majukwaa kule Kilwa Kisiwani, nikiziba nyufa za Gereza, ile ngome ya kale, za Msikiti Mkuu na za Husuni Kubwa, jumba la sultani. Ukiwa juu ya jukwaa unasikia kila anachosema mwongoza watalii chini yako, na wote lazima wafike kwa Ibn Battuta, yule msafiri wa karne ya 14: kwamba mwaka 1331 alishuka Kilwa akitokea Mombasa, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake watu walimwita Abul-Mawahib, baba wa vipawa. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi mpaka nikawa naimalizia mwenyewe huku nikikoroga chokaa. Lakini huyo mgeni kwao ni wapi? Kwao kuna nini? Hakuna aliyekuwa anasema.

Ramani zinaandika Tangier au Tanger. Wenyewe wanasema Tanja, na mimi nitaandika hivyohivyo, mdomo wa Mswahili haupati shida nalo.

Treni inaitwa Al Boraq, kama yule mnyama wa Miraji, na jina limeipata. Ilianza Novemba 2018. Mpaka mji wa Kenitra inakwenda kistaarabu. Ikishapita hapo inafika kilomita 320 kwa saa. Treni yetu ya umeme ya Dar na Dodoma inakwenda 160 na tunaiona inapaa, kwa hiyo mwenye akili ajaze mwenyewe. Kikombe changu cha chai hakikutikisika. Saa mbili na dakika kumi, tumefika.

Tulitoka stesheni kwa miguu tukaufuata ufukwe mpaka karibu na bandari ya zamani. Siku hizi meli za makontena haziji hapa. Tangu 2007 zinakwenda Tanger Med, kama kilomita 40 mashariki, na bandari ya mjini imeachiwa feri za Hispania, wavuvi na mashua za matajiri. Jioni mpwa wangu akanionyesha taa ng'ambo ya maji. "Ile ni Ulaya, mjomba." Mahali pembamba kabisa pa mlango huu wa bahari ni kilomita 14. Nilikaa nikiziangalia zile taa, nikaona kwa nini kila aliyekuwa na jeshi duniani aliutaka mji huu.

Siku ya pili

Tulianzia Grand Socco. Neno hilo liliniliza kicheko. Socco ni souk ya Waarabu iliyopita mdomoni mwa Mhispania, na ikatoka imefanana kabisa na soko yetu. Wenyeji wanaiita Souk Barra, soko la nje, kwa kuwa iko nje ya ukuta wa mji. Ndani kuna ndogo yake, Souk Dakhel, soko la ndani. Kwenye vibao vya serikali soko la nje linaitwa Uwanja wa 9 Aprili 1947, kwa kumbukumbu ya safari ya Sultani Mohammed V, alipokuja hapa na kudai waziwazi uhuru na umoja wa Moroko. Pembeni umesimama msikiti wa Sidi Bou Abid wa mwaka 1917, mnara wake umevikwa vigae vya rangi kutoka chini mpaka juu. Mnara wa mraba, kama karibu yote ya huku. Msikiti wetu Mkuu wa Kilwa hauna mnara kabisa, na wazee wetu waliswali humo kwa raha zao.

Ukiingia Bab Fahs unateremka njia ya Siaghine, yaani ya masonara, unapita Soko la Ndani lenye mikahawa na wazee waliokaa wakiangalia wapitao, kisha unafika Msikiti Mkuu wa mji. Kiwanja hiki kimoja kinatosha kueleza Tanja nzima. Wareno walipouteka mji mwaka 1471, hapa wakaweka kanisa kuu lao. Waingereza, walioupokea mji kutoka kwa Wareno, walipoondoka 1684 pakarudi kuwa msikiti, na huu uliopo leo ulijengwa upya na Sultani Moulay Slimane kati ya 1815 na 1818. Msingi uleule, wenyewe tofauti.

Tuliswali adhuhuri humo. Jirani yangu aliswali ameachia mikono, Kimaliki, mimi nimefunga kifuani, Kishafii kama nilivyofunzwa. Ibn Battuta naye alikuwa Mmaliki, na alipofika pwani yetu alitambua upesi kwamba sisi ni Mashafii, akaliandika. Miaka mia saba karibu imepita na hakuna upande uliobadilika.

Baada ya swala tukaanza kulitafuta kaburi. Mpwa wangu aliuliza kwa fundi viatu, fundi viatu akamwita mtoto, mtoto akatupeleka kwenye vichochoro vinavyopanda mpaka nikapoteza hesabu ya kona. Tukafika kwenye kijumba kidogo cha chokaa nyeupe kilichobanwa na nyumba za watu. Mlinzi akafungua. Ndani kuna kaburi lililofunikwa kitambaa, na nafasi ya watu wanne kusimama wakijibana. Basi.

Nilisoma Fatiha. Kisha, samahani kwa marehemu, macho yakaenda ukutani. Chokaa mpya juu ya chokaa ya zamani, tabaka juu ya tabaka kama maganda ya kitunguu, na chini kabisa sikuona kitu cha kunipeleka karne ya 14. Wanahistoria wengi wanatilia shaka kama aliyelala pale ni yeye. Mlinzi hana shaka hata kidogo, na sikutaka kumharibia mchana.

Kinachojulikana ni hiki. Alizaliwa hapa Tanja mwaka 1304 katika ukoo wa makadhi. Juni 1325 akaondoka kwenda Makka, umri miaka 21, peke yake, bila msafara wa kuambatana nao. Aliporudi Moroko ilikuwa 1349. Alikuwa bado njiani alipopata habari kwamba mama yake amefariki kwa tauni, miezi michache tu kabla. Kurudi kwake Tanja kulikuwa kwenda kuzuru kaburi. Miaka 24 duniani, Kilwa na Uchina na Bara Hindi, halafu unachelewa kwa miezi. Nilimwambia mpwa wangu ampigie mama yake simu usiku ule, na alipiga.

Usiku tukala bissara: maharage mapana yaliyopondwa yakawa uji mzito, mafuta ya zeituni juu, na bizari nyembamba. Ukiwa na mkate wa moto huhitaji kitu kingine. Najua Kilwa watanicheka nikisema nimesafiri mpaka Moroko nikala uji wa maharage.

Siku ya tatu

Kasbah. Hii ndiyo siku niliyoijia.

Kasbah ni ngome iliyo juu kabisa ya mji, na kuifikia unapanda ngazi mpaka magoti yanasema. Kuta za mji unazoziona leo, umbo lake kubwa ni la Wareno. Hawakuupata mji kirahisi. Mwaka 1437 walikuja na jeshi wakazingirwa wao waliokuja kuzingira, wakamwacha rehani mwana wa mfalme wao, Fernando, aliyekufa mateka huko Fez mwaka 1443. Walipofaulu 1471 hawakupigana hata. Mji wa jirani wa Asilah ulikuwa umeanguka, watu wa Tanja wakahama. Ukiwa mtu wa Kilwa habari hizi husomi kama mgeni. Sisi walitufikia 1505, na boma walilojenga kwetu ndilo lililozaa lile Gereza nililolipigia lipu kwa miaka. Nilipoweka kiganja kwenye ukuta wa Tanja nilijihisi nasalimiana na mtu ninayemjua ubaya wake.

Wareno wakakaa mpaka 1661, kisha wakautoa mji kwa Waingereza kwa ndoa. Binti wa mfalme, Catherine wa Braganza, aliolewa na Charles wa Pili akaja na Tanja mkononi, na Bombay mkono wa pili. Kwetu mahari anatoa mume. Hawa bibi harusi ndiye aliyebeba miji, na wakazi wake hawakuulizwa.

Waingereza walishika Tanja miaka 22 tu, 1662 mpaka 1684, na kazi yao kubwa ilikuwa gati la mawe la kuingia baharini, ili meli zipate kinga. Walimwaga fedha humo mwaka hadi mwaka huku bahari ikibomoa walichojenga. Na nchi kavu Sultani Moulay Ismail alikuwa amewabana, mji umezingirwa na jeshi la watu wa milima ya Rif chini ya kamanda Ali bin Abdallah. Mwisho walichoka. Wakatuma manowari, na ndani yake Samuel Pepys, yule mwandishi wa shajara, kusimamia kuondoka. Kabla ya kupanda melini walilipua gati lao wenyewe, na ngome na kuta, ili asinufaike mtu. Mimi fundi, habari ya vita naisikiliza nusu, lakini ya gati ilinikaa moyoni. Kujenga baharini najua kunavyochosha. Juu ya Kasbah limebaki jumba linaloitwa York Castle mpaka leo.

Mtoto wa yule kamanda, Ahmed bin Ali, ndiye aliyeijenga upya Kasbah karne ya 18: jumba la utawala na msikiti pembeni. Mnara wa msikiti huo una pembe nane. Nilisimama chini yake nikahesabu mara mbili. Katika nchi ya minara ya mraba, huu una pembe nane, na vigae katikati ya pembe. Mara moja nikakumbuka birika la Husuni Kubwa, lile lililochongwa juu ya jabali huku bahari ikiwa chini yake, nalo pembe nane. Simaanishi mmoja kamwiga mwenzake. Kati yao kuna miaka mia nne na bahari mbili. Ila fundi aliyewahi kukata pembe nane katika jiwe anajua ni kazi ya mtu anayetaka kujionyesha, na kote kuwili alikuwapo.

Jumba lenyewe sasa ni makumbusho. Ua una nguzo za marmar, dari za mbao za mwerezi zimechorwa, na kuta juu ya vigae zimejaa jasi iliyochongwa maua na herufi. Mpwa wangu aliipenda sana picha ya vijiwe ya Kirumi iliyoletwa kutoka mji wa kale wa Volubilis, Venus yumo chomboni na abiria wake. Mimi shingo ilikaza kwa kuangalia dari.

Tukateremka kwa njia nyingine, na hapo, kwenye kichochoro kisichopita watu wawili wenye mizigo, tukamkuta mzee anapiga lipu.

Nyumba ilikuwa imechunwa mpaka mifupa. Ukuta wake mawe madogo yasiyo na mpango, na kila baada ya kimo cha dhiraa moja hivi mistari miwili ya tofali za kuchoma kuyafunga. Mzee alikuwa juu ya jukwaa la mbao, kijana wake chini anakoroga. Kijana alipomwita "maalem" nikashtuka, kwa sababu neno ni mwalimu yetu hiyohiyo. Huku ndivyo anavyoitwa fundi mkuu. Nikamwambia mpwa wangu, "Mwambie mimi pia ni maalem."

Mzee akanitazama kuanzia viatu. Akaniuliza kitu, mpwa wangu akacheka. "Anasema, kama kweli, iguse hiyo ndoo umwambie ina siku ngapi."

Chokaa kwao ni jir. Nilichukua kidogo kwa vidole vitatu. Chokaa changa inakwaruza, ina punje zisizoiva, na ikikaa kwenye mwiko inang'ang'ania. Hii iliteleza kama samli ya baridi. Nikasema haipungui miezi mitatu shimoni. Mzee akainua vidole vinne. Kuanzia hapo niliitwa Haji, ingawa sijahiji.

Tulizungumza saa nzima na mpwa wangu katikati akitoka jasho la tafsiri. Aliniuliza sisi tunachoma jiwe gani. Nikamwambia matumbawe. "Jiwe la baharini? Na chumvi yake?" Nikamweleza: unayaanika nje masika yayaoshe, ndipo unapanga tanuu, magogo chini na matumbawe juu, unachoma, kisha unaiacha tena inyeshewe mpaka ilainike. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia wenzake wanapika wali kwa maji ya bahari. Halafu akagonga kwa kifundo cha kidole ukuta wa jirani, uliopigwa saruji. Ukalia kama boga kavu. Nikajua anachosema kabla haijatafsiriwa, kwa kuwa na mimi nimegonga kuta za namna hiyo, tena kwenye magofu, na nimetumia misimu kubandua saruji ya watu waliotaka kumaliza kazi haraka. Ukuta wa mawe na chokaa una maji yake ndani, yanatoka polepole. Ukiufunga kwa saruji, maji yanatafuta njia kwa nyuma, yanabeba chumvi, na lipu inavimba.

Akanipa mwiko. Akanionyesha kipande karibu na mlango, upana wa mkeka wa kuswalia. Nilikipiga mimi, tabaka la pili, nikakipangusa kwa duara kama tunavyofanya kwetu. Yeye hupangusa kwa kushuka. Hakusema kitu, akaacha hivyo.

Siku ya nne

Upepo. Huku wanauita shergui, ule wa mashariki, na ukiamua kuja unakaa siku kadhaa. Sisi tuna kaskazi na kusi na tunajua ratiba yake. Huu hauna ratiba. Feri za kwenda Tarifa, Hispania, zilisimamishwa. Mpwa wangu alilala hadi saa nne.

Mchana tukapanda Marshan, kwenye mwamba unaotazama mlango wa bahari. Juu yake kuna makaburi ya Wafoinike, wale mabaharia wa kale, yaliyochongwa ndani ya jabali, mashimo ya mstatili ya kimo cha mtu, matupu, mengine yamejaa maji ya mvua. Watu wanakaa pembezoni wanakula mbegu za alizeti na kutazama meli. Hao ndio wa kwanza kuuona umuhimu wa hapa. Warumi wakaja wakauita Tingis, wakaufanya makao makuu ya jimbo. Na mwaka 711 Tariq bin Ziyad, aliyekuwa akishika Tanja, akavuka upande wa pili, na ule mlima wa ng'ambo ukachukua jina lake, Jabal Tariq, ambayo Wazungu wameibana ikawa Gibraltar. Hatua chache kutoka makaburini kuna mkahawa wa Hafa wa tangu 1921, ngazi za chokaa zinazoshukia baharini, chai ya mnanaa kwenye bilauri. Upepo ulinichukulia kofia. Sikuipata.

Siku nzima akili yangu ilikuwa kwenye kile kipande cha lipu. Upepo mkavu na chokaa mbichi hawapatani.

Siku ya tano

Leo mji wa wageni. Nilidhani hautanigusa.

Boulevard Pasteur na mitaa yake ni majumba ya Kihispania na Kifaransa, vibaraza vya chuma, madirisha marefu. Kati ya 1923 na 1956 Tanja haikuwa ya Moroko kikamilifu wala ya mkoloni mmoja. Ilikuwa eneo la kimataifa, inaendeshwa na kamati ya mataifa, ina posta ya Mwingereza, ya Mfaransa na ya Mhispania, fedha za kila aina zinapokelewa, na mlanguzi na jasusi wanakunywa kahawa meza moja. Kipindi cha vita kuu Hispania ya Franco iliukalia peke yake, 1940 hadi 1945, kisha mchezo ukaendelea. Ilimalizika Oktoba 1956, Moroko ikiwa imeshapata uhuru wake.

Ndani ya mji wa kale tuliingia jumba la ubalozi wa zamani wa Marekani, ambalo Sultani Moulay Slimane aliwapa mwaka 1821. Ni mali ya kwanza Marekani kuwa nayo nje ya nchi yake. Jumba limepanuka mpaka linapita juu ya kichochoro kama daraja, na ndani ni ua wa Kimoroko na vyumba vya makumbusho. Kanisa la Mtakatifu Andrea la Waanglikana, lililowekwa wakfu 1905, lilinishangaza zaidi: limejengwa na mafundi wa hapahapa, na juu ya tao la madhabahu Sala ya Bwana imechongwa kwa Kiarabu. Nilimsomea mpwa wangu herufi kwa herufi, Kiarabu chake cha mtaani kilimtupa.

Jumba lililonihuzunisha ni Gran Teatro Cervantes la 1913. Uso wake una vigae vya rangi na sanamu, jina limeandikwa kwa mbwembwe. Mataifa yalipoondoka likaachwa, mvua na njiwa wakalirithi kwa miongo. Hispania iliikabidhi Moroko jengo hilo ili likarabatiwe. Nilitazama nyufa zinazotoka pembe za madirisha. Hizo nazijua, paa ndilo lililoanza kuugua.

Lakini kilichonigusa nilikutana nacho mezani. Tulikuwa tunakula kalinti, ile keki laini ya unga wa dengu wanayoiuza mtaani kwa dirhamu chache, mpwa wangu akawa ananisomea kwenye simu habari za mji. "Mjomba, Kaiza wa Wajerumani alikuja hapa. Tarehe 31 Machi 1905." Alishuka melini, akapita mitaa hii juu ya farasi, akatangaza kwamba kwake yeye Sultani wa Moroko ni mfalme huru, kisha akarudi melini jioni hiyohiyo. Alitaka kumkera Mfaransa.

Nikaacha kula. Julai 1905, miezi minne baadaye, wazee wetu wa Umatumbi waling'oa pamba ya Mjerumani na Vita vya Maji Maji vikaanza. Umatumbi ni Kilwa. Bibi mzaa baba yangu alizaliwa njaa ya vita hivyo. Mtu huyohuyo, mwaka huohuo, Tanja anagawa uhuru kutoka mgongoni kwa farasi. Mpwa wangu aliona nimenyamaza akaagiza chai bila kuniuliza.

Siku ya sita

Treni ni saa tisa. Asubuhi tukaenda Borj Ennaam, ngome ya Kasbah ambayo sasa ni jumba la maonyesho ya Ibn Battuta. Njia zake zimechorwa kwenye ramani, nikatafuta pwani yetu, nikaiwekea kidole: Maqdishu (Mogadishu), Mombasa, Kilwa.

Nina ugomvi mdogo na mzee huyu na ni lazima niuseme. Kitabu chake alikisimulia baada ya kurudi, mwandishi Ibn Juzayy akiandika huko Fez, wakamaliza Desemba 1355. Humo anaisifu Kilwa kuwa katika miji mizuri na iliyojengwa vyema kuliko yote, halafu anasema majengo ni ya mbao na mapaa ya majani. Mbao! Msikiti Mkuu wa mawe ulikuwapo miaka mingi kabla yake, na mwenyeji wake al-Hasan bin Sulaiman ndiye anayesemwa kuupanua na kuijenga Husuni Kubwa. Labda kwa wingi nyumba za watu zilikuwa za miti na makuti, hilo sikatai. Labda miaka 24 baadaye alichanganya na Mombasa, ambako misikiti ya mbao aliitaja na kuisifu kwa uimara wake. Mvua zetu alizikumbuka vizuri, anasema ni nyingi.

Ila siku sita nimezunguka mji wake, na sikuonyeshwa ukuta hata mmoja ambao ningeweza kuapa kwamba aliuona kwa macho yake. Wareno walijenga juu yake, Waingereza wakalipua, watu wa Rif wakajenga tena, na wazungu wa kila taifa wakafuata. Nyumba ya mwenyeji wake ipo. Iko Kilwa, juu ya jabali, na birika lake la pembe nane nimelifagia kwa mikono yangu. Nilimwambia mlinzi wa maonyesho hivyo, kupitia mpwa wangu. Akauliza ni mbali? Tukamwonyesha ramani. Akasema, "Allah," na akatuongezea karatasi za picha bila malipo.

Saa sita tukapita kile kichochoro. Upepo ulikuwa bado haujatulia. Ukuta mzima wa ile nyumba, kuanzia dari mpaka mlangoni, ulikuwa umening'inizwa magunia yaliyoloweshwa, na kijana anapita na ndoo akiyarushia maji. Maalem alikuwa amekaa kwenye kizingiti anakula mkate na zeituni. Hakuinuka. Alinyoosha mkono tu, akainua pembe ya gunia lililo karibu na mlango.

Kipande changu hakikuwa na ufa. Duara zangu zilikuwa zinaonekana kidogo kando ya mistari yake. Nikakibonyeza kwa dole gumba. Kilikuwa cha baridi, bado kibichi kwa ndani.

"Siku ngapi?" nikamuuliza kwa vidole.

Akaonyesha saba, kisha akalirudisha gunia mahali pake.